USINGIZI SI UVIVU: Saa iliyomo ubongoni na maisha yetu Riyadh na Jeddah



Waulize ndugu zetu wanaofanya kazi Riyadh au Jeddah habari za afya zao, utasikia mengi: kichwa, mgongo, presha, vidonda vya tumbo. Usingizi hautajwi. Au ukitajwa, unatajwa kwa mzaha: "Ah, huku hatulali, huku tumekuja kutafuta!" Halafu watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwenye mambo mengine.

Mimi naona mzaha huo umetugharimu vya kutosha. Kichwa kinachouma kila siku, hasira za ghafla, kusahau jiko likiwaka, presha isiyotaka kushuka, mara nyingi nyuma yake kuna usiku mwingi usiolalwa. Kwa hiyo maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo: kulala si uvivu na wala si zawadi anayokupa tajiri wako akipenda. Ni kazi ambayo ubongo wako lazima uifanye. Anayekunyima usingizi anakudhuru, hata kama hajawahi kukuinulia mkono. Na wewe unayejinyima mwenyewe kwa simu na soga, unajidhuru pia.

Ili usidhani ni maneno ya kujifariji tu, tuangalie kwanza mwili wenyewe unavyofanya kazi.

SAA ILIYOMO KICHWANI

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna mafungu mawili madogo ya seli, moja kulia na moja kushoto. Jumla yake ni seli 20,000 hivi, na ukubwa wake hauzidi punje ya mchele. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili. Inaamua joto la mwili lipande lini na lishuke lini, homoni gani itolewe asubuhi na ipi usiku, njaa ije saa ngapi na usingizi uje saa ngapi. Ini, moyo, figo na tumbo navyo vina saa zao ndogo, lakini zote zinafuata mdundo wa saa hii kubwa.

Saa hii inakwendaje bila betri? Ndani ya kila seli kuna jeni zinazotengeneza protini. Protini hizo zinajikusanya, zikiwa nyingi zinarudi kuzima jeni zilizozitengeneza. Kisha zinavunjika taratibu, jeni zinawaka tena, na mzunguko unaanza upya. Mzunguko mmoja unachukua karibu siku nzima. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waligundua mambo haya kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda, na mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Lakini saa ya binadamu haiendi saa 24 kamili. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba inachukua wastani wa saa 24 na dakika 11. Maana yake ikiachwa peke yake inachelewa kidogo kila siku, kama saa ya ukutani iliyochoka. Kwa hiyo kila siku lazima irekebishwe, na kinachoirekebisha zaidi ya kitu chochote ni MWANGA.

Nyuma ya jicho, mbali na zile seli za kuonea, kuna seli nyingine chache ambazo kazi yake si kuona picha bali ni kupima mwanga. Zinapenda hasa mwanga wa rangi ya bluu, ule wa anga la asubuhi. Bahati mbaya, huo ndio pia unaotoka kwenye taa nyeupe na kwenye kioo cha simu. Seli hizi zikipata mwanga huo zinaiambia saa kuu, "Kumekucha." Giza likiingia, saa kuu inairuhusu tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo itoe homoni iitwayo melatonini, ambayo huupasha mwili habari kwamba sasa ni usiku. Melatonini huanza kupanda kama saa mbili hivi kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala. Ukijimulika na taa kali au simu wakati huo, unaichelewesha.

Wazee wetu hawakujua habari za jeni wala homoni, lakini tazama walivyohesabu saa. Saa moja asubuhi ni saa moja baada ya jua kuchomoza, na saa moja usiku ni saa moja baada ya jua kuzama. Hapa Saudi Arabia napo zamani watu walihesabu saa kuanzia magharibi. Ubongo wako mpaka leo unahesabu kwa namna hiyo hiyo. Haujui mkataba wako unasema nini. Unajua jua tu.

DENI LA USINGIZI

Pamoja na saa hiyo, kuna kitu cha pili. Tangu unapoamka, ubongo ukifanya kazi unajikusanyia kemikali iitwayo adenosini. Kadiri unavyokaa macho, ndivyo inavyozidi, na ndivyo kichwa kinavyokuwa kizito. Ukilala inaondolewa. Kahawa, chai ya rangi na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu haviondoi adenosini hata kidogo. Kafeini inakwenda kukaa kwenye kiti cha adenosini, basi ubongo hausikii uchovu. Uchovu upo pale pale unasubiri. Kafeini ikiisha, unaanguka nao wote kwa mara moja.

Na kafeini haiishi upesi. Baada ya saa tano hivi, nusu yake bado imo mwilini kwa watu wengi. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwapa watu kafeini nyingi saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima.

Ukilala, ubongo haukai bure. Unapita katika mizunguko ya dakika 90 hivi. Nusu ya kwanza ya usiku ina usingizi mzito zaidi, ambao mwili hujitengeneza na homoni ya ukuaji hutolewa. Kuelekea alfajiri unapata zaidi usingizi wa ndoto, unaosaidia kupanga kumbukumbu na kutuliza hisia. Ndiyo maana anayelala saa nne kwa siku hakosi "nusu ya usingizi" tu. Anakosa karibu sehemu yote ile ya alfajiri, halafu anashangaa kwa nini analia ovyo au anakasirika kwa neno dogo.

Sasa sikiliza jambo hili. Mwaka 2003 watafiti wa University of Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu wazima wenye afya walilazwa saa sita tu kila usiku kwa wiki mbili. Mwisho wa wiki hizo umakini wao ulikuwa umeshuka sawa na mtu aliyekesha usiku kucha. Na la kutisha zaidi, wenyewe walijiona wamezoea! Hivyo mtu akikwambia "mimi nimeshazoea kulala saa nne," usimbishie, lakini ujue kwamba aliyechoka ndiye shahidi mbaya kuliko wote wa uchovu wake. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale angalau saa saba.

Waswahili tunasema dawa ya deni kulipa. Deni hili nalo halina dawa nyingine.

MIJI INAYOKESHA

Saa za Riyadh na Jeddah ni sawasawa na za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Hakuna hata dakika moja ya tofauti. Kwa hiyo mtu aliyetoka kwetu hawezi kusingizia safari kwamba ndiyo iliyomvuruga. Kilichomvuruga ni utaratibu wa maisha.

Sisemi wenyeji wanakosea. Mchana wa Riyadh wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 40, na Jeddah kuna joto na unyevu wa bahari. Mtu mwenye akili atatoka lini kama si usiku? Familia zinatoka baada ya Isha, maduka yanajaa, watoto wanacheza kando ya bahari hadi usiku wa manane. Mwaka 2019 serikali iliamua kuruhusu biashara kufunguliwa saa 24, na usiku ukawa mrefu zaidi. Mwenyeji mwenye nafasi hulipa deni lake mchana: analala baada ya chakula, au anaamka akitaka.

Tatizo ni kwa yule anayekesha na usiku wa tajiri, kisha akaamka na asubuhi ya watoto wa shule. Huyo usingizi wake unakatwa huku na huku. Wageni wanaondoka saa 8 usiku, vyombo vinaoshwa hadi saa 9, na saa 11 alfajiri watoto watataka chai na nguo zilizopigwa pasi. Nani huyo? Ni dada yetu anayefanya kazi za ndani. Na mara nyingi ni kaka yetu dereva wa nyumba pia.

DADA ZETU WA MAJUMBANI

Mwezi wa Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kenya waliofanya kazi za ndani Saudi Arabia. Walihojiwa wanawake zaidi ya 70. Kwa kawaida siku yao ya kazi ilikuwa angalau saa 16, na mara nyingi zaidi.

Hebu tufanye hesabu. Saa 24 toa 16, zinabaki 8. Katika hizo 8 mtu aoge, ale, afue nguo zake, aongee na watoto wake aliowaacha kwa bibi yao, na usingizi wenyewe uje. Akipata saa tano ana bahati. Fanya hivyo kwa mkataba wa miaka miwili. Jaribio la Pennsylvania lilikuwa wiki mbili tu, tena walilala saa sita!

Ni kweli zipo nyumba nzuri, na watu wanaoishi humo wanashukuru. Lakini tusifiche kwamba zipo nyumba ambazo mfanyakazi huitwa usiku wa manane kuleta maji, na ambazo chumba chake ni stoo isiyo na dirisha. Chumba kama hicho kinaumiza mara mbili. Usiku analala karibu na mashine ya kufulia, na mchana haoni jua, maana kazi yake yote ni ndani, chini ya taa. Saa ya ubongo haipati asubuhi ya kweli wala usiku wa kweli. Inabaki imeduwaa.

Sheria inasemaje? Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani za mwaka 2013 zilitaka mfanyakazi apate mapumziko yasiyopungua saa 9 kwa siku. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, mfanyakazi apate mapumziko ya saa 8 MFULULIZO katika kila saa 24, na siku moja nzima ya mapumziko kila wiki. Kwa macho ya afya, neno zito hapo ni "mfululizo". Saa nane zilizokatwa vipande vinne hazimfikishi mtu kwenye usingizi uliokamilika.

Najua utaniambia: "Sheria iko kwenye karatasi, mimi niko jikoni." Ni kweli. Lakini anayejua haki yake anaomba kwa namna tofauti na asiyeijua. Usiishie kusema "ana taabana", kwa sababu kila mtu husema amechoka. Taja saa. Mwambie mama wa nyumba kwa heshima, wakati ametulia, si wakati wageni wamejaa: "Mama, nikilala saa sita usiku nitaamka saa mbili asubuhi. Nikiamshwa saa kumi na moja, naomba nilale saa tatu usiku, au nipewe muda wa kulala mchana watoto wakiwa shule." Wapo watakaokubali, kwa sababu nao wanataka mtoto wao alelewe na mtu mwenye akili timamu, si mtu anayesinzia na chungu cha mafuta ya moto mkononi.

Na kama hawakubali, na hali ni mbaya? Andika kwenye daftari au simu, kila siku: umelala saa ngapi, umeamshwa saa ngapi. Wizara ya Rasilimali Watu ina namba ya malalamiko, 19911. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ubalozi Riyadh. Kumbukumbu yenye tarehe na saa ina uzito kuliko machozi peke yake.

Kwenu ndugu mlioko nyumbani Mombasa, Tanga, Jinja na kwingineko, nanyi lenu lipo. Mkimpigia saa 7 usiku kumwambia habari za mabati na ada, mnaitoa pesa hiyo ndani ya usingizi wake. Mtumie ujumbe, atausoma akiwa na nafasi. Na akisema "nimechoka", msimjibu "vumilia tu, wenzio wamejenga." Uvumilivu ni sifa njema, lakini ubongo hauna sehemu ya kuweka uvumilivu badala ya usingizi.

MADEREVA, WALINZI NA WAUGUZI

Kaka dereva, hili ni lako. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walilinganisha watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye pombe ya kiwango cha 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu kuendesha gari. Yaani umeamka saa 11 alfajiri kupeleka watoto shule, na saa 4 usiku bado unasubiri nje ya duka kubwa familia imalize manunuzi. Hujagusa pombe, nchi yenyewe haina baa, lakini unarudi nyumbani ukiwa na ubongo wa mlevi.

Joto la mwili hufika chini kabisa kama saa 10 au 11 alfajiri, na huo ndio wakati ubongo unapotaka kulala kwa nguvu zote. Usingizi wa sekunde tatu nne unaingia macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, sekunde tatu ni mita 100. Barabara ya Riyadh kwenda Jeddah ina kilomita zaidi ya 900 za jangwa lililonyooka. Kufungua dirisha na kuongeza redio hakusaidii. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama na kulala dakika 20. Tajiri akinung'unika, mwambie: afadhali kuchelewa kuliko kutofika.

Walinzi na wauguzi wa zamu za usiku nao wana mzigo wao. Mwaka 2007, na tena 2019, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Maana yake si kwamba kila mlinzi ataugua. Maana yake ni kwamba mwili hauipuuzi saa yake bure. Ukitoka zamu asubuhi, vaa miwani ya jua njiani kama huendeshi gari, ule kidogo, ufunge mapazia mazito na ulale moja kwa moja. Usianze kwanza kupika na kuangalia mpira wa jana. Na kama inawezekana, omba zamu zako zikae pamoja badala ya kubadilika kila siku mbili.

HABARI YA RAMADHANI

Mwezi huu una baraka zake, lakini kiusingizi ndio mgumu kuliko yote. Wanaosimamiwa na sheria ya kazi hupunguziwa saa, Mwislamu hafanyi zaidi ya saa sita kwa siku. Mfanyakazi wa nyumbani hayumo katika sheria hiyo, na kwake kazi inaongezeka: futari, wageni wa usiku, kisha daku.

Wengi husema, "Ni saumu inayonichosha." Watafiti wa King Saud University hapa Riyadh, akiwemo Profesa Ahmed BaHammam, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja mdogo uliochapishwa mwaka 2017, watu walifunga huku saa zao za kulala, mwanga na kiasi cha chakula vikidhibitiwa, na mpangilio wa melatonini haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kwa hiyo inaelekea saumu yenyewe haivurugi saa ya ubongo. Kinachoivuruga ni kukesha, taa kali na milo mizito ya usiku wa manane.

Ushauri wangu: ugawe usingizi kwa makusudi, usiuache ukatwe ovyo. Lala kipande kikubwa kimoja, tuseme saa nne au zaidi, kwa wakati ule ule kila usiku, halafu ongeza kailula ya mchana. Na nyinyi wenye nyumba mnaosoma makala hii, maana najua mpo: daku inaweza kuandaliwa mapema ikawekwa kwenye friji. Si lazima mtu aamshwe saa 8 usiku kukaanga sambusa.

MAMBO YA KUFANYA KUANZIA LEO

1. Pata jua la asubuhi. Dakika 20 au 30 zinatosha. Kama hutoki nje, anika nguo juu ya paa asubuhi badala ya jioni, au fanya kazi karibu na dirisha lililo wazi. Usilitazame jua lenyewe.

2. Amka wakati mmoja kila siku, hata siku ya mapumziko. Ukitaka kulipa deni, wahi kulala au lala kidogo mchana. Usilale hadi adhuhuri.

3. Kafeini mwisho saa 8 mchana kwa wanaolala usiku. Hii ni pamoja na chai nzito, soda za kola na vinywaji vya kopo.

4. Punguza mwanga saa moja kabla ya kulala. Zima taa kubwa, na simu iweke mbali na mto. Kama ndio muda pekee wa kuongea na wanao, ongea, lakini usimalizie kwa saa nzima ya video.

5. Chumba kiwe cha giza na baridi kiasi. Funika macho na kitambaa kama taa haizimwi. Pamba masikioni inasaidia dhidi ya kelele.

6. Kailula isizidi dakika 30, na isiwe jioni. Ikizidi, utaamka mzito na usiku usingizi utakukimbia.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Usinywe Piriton ili ulale. Ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake tu, na asubuhi inakuacha na ukungu kichwani. Vidonge vya usingizi unavyopewa na rafiki ni hatari zaidi, na baadhi yake hapa vinadhibitiwa kisheria. Kuvikuta kwenye mzigo wako bila karatasi ya daktari ni kesi.

Kwa upande wa pili, usitumie chochote "cha kukesha". Miraa, au mirungi, ambayo Kenya inauzwa sokoni, Saudi Arabia ni dawa ya kulevya. Kuna pia vidonge vinavyojulikana kama Captagon, wanavyodanganywa navyo madereva na wanafunzi. Nchi hii ilirudia kutekeleza hukumu ya kifo kwa makosa ya dawa za kulevya Novemba 2022. Usikubali kubebeshwa kifurushi, na usikubali "kidonge cha nguvu" kutoka kwa mtu.

Muone daktari kama unakoroma sana na watu wanasema pumzi inakatika ukiwa usingizini, kama unasinzia ukiwa unaendesha au unapika, kama usingizi umekukataa kwa zaidi ya miezi mitatu, au kama umekosa usingizi pamoja na huzuni isiyoondoka na mawazo ya kujidhuru. Hilo la mwisho usilisubirishe hata siku moja. Namba ya Wizara ya Afya ni 937. King Saud University ya Riyadh na King Abdulaziz University ya Jeddah zina vituo vya magonjwa ya usingizi, hivyo usiambiwe kwamba "usingizi hauna daktari".

MWISHO

Ndugu msomaji, tulikuja huku kutafuta, na hilo halina aibu. Lakini tujiulize tutarudi na nini. Nyumba ya mabati mapya haitamfaa mtu aliyerudi na presha, kumbukumbu iliyopotea na roho isiyotulia. Pesa unayotuma ni ya kichwa chako na mikono yako, na vyote viwili vinatengenezwa upya usiku, ukiwa umelala.

Kwa hiyo ukikutana na mwenzio Ijumaa, badala ya kumuuliza tu "umetuma kiasi gani?", muulize pia, "Unalala saa ngapi?" Akisema saa tatu au nne, usicheke. Kaeni muangalie mkataba wake pamoja.

Makala hii ni ya ushauri wa jumla, haichukui nafasi ya daktari anayekujua.

Lala salama, na uamke na nguvu.